Barua ya wazi: Vidonge vya saratani vimehamia nyumbani, ulinzi wake umebaki wodini

Kwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Baraza la Famasi, na viongozi wa hospitali zote zinazotibu saratani nchini Tanzania.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa muuguzi wa hospitali ya wilaya, Nyanda za Juu Kusini. Hospitali yetu haitibu saratani. Wagonjwa wetu tunawapa rufaa, wanapanda basi kwenda Dar es Salaam au kwenye hospitali nyingine kubwa, wanapimwa, wanapangiwa matibabu, kisha wanarudi kijijini. Zamani mgonjwa wa kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, alirudi mikono mitupu, kwa kuwa dawa yote ilikuwa imeingia mwilini kwa dripu kulekule wodini. Siku hizi wengi wanarudi na vidonge kwenye mkoba.

Ninashukuru kwa hilo. Mkulima aliyekuwa akiuza ng'ombe ili apate nauli na pa kulala mjini, sasa anaweza kumeza dawa yake akiwa kwake, kati ya watoto wake. Shirika la Afya Duniani liliiingiza capecitabine, kemo ya vidonge, kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, pamoja na imatinib, kidonge kingine cha saratani. Hakuna anayetaka turudi nyuma.

Lakini angalieni kilichoachwa njiani. Dripu ya kemo inapowekwa wodini, mgonjwa amepimwa picha kamili ya damu kwanza. Mtu mmoja ameandika dozi, mwingine ameihakiki, muuguzi amevaa glovu na aproni, na daktari yuko karibu kama kitu kitakwenda vibaya. Kidonge kina dawa yenye nguvu ileile. Kinaingia kwenye bahasha ya plastiki iliyoandikwa kwa kalamu "3×2", mgonjwa anaambiwa safari njema, na kuanzia hapo anayehakiki, anayepima na anayeamua ni yeye mwenyewe. Mara nyingi ni binti yake wa darasa la saba anayejua kusoma.

Kwa miaka mingi sisi watumishi wa afya tumeifundisha nchi nzima somo moja kuhusu vidonge: maliza dozi. Tulilisema kwenye malaria, tukalisema kwa nguvu zaidi kwenye kifua kikuu, na tangu ARV zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004 tumelirudia kila kliniki, usiruke hata siku moja. Somo hilo limeokoa watu wengi sana, na wananchi wamelishika. Sasa watu haohao tumewapa capecitabine, dawa ambayo ipo siku mgonjwa anatakiwa aache kuimeza saa hiyohiyo na apige simu. Hatukukaa nao kuwaeleza kwamba hii ina sheria nyingine.

Mama mmoja mkulima wa viazi aliletwa kwetu amelegea, midomo imemkauka, ameharisha siku kadhaa mchana na usiku. Asubuhi ya siku ile alikuwa amemeza vidonge vyake kama kawaida. Nilipomuuliza kwa nini hakusimama, alinijibu kwa heshima kabisa: "Nesi, si ninyi mliotufundisha kwamba dozi haikatishwi?" Sijawahi kuhudumia mgonjwa mtiifu kuliko yule, na utiifu wake ndio uliokuwa unammaliza. Tulimtundikia maji, tukasimamisha vidonge, tukahangaika hadi jioni kumtafuta daktari aliyemwandikia dawa. Namba iliyokuwa kwenye daftari lake ilikuwa ya mapokezi, na hakuna aliyepokea. Alipona. Ninamtaja kwa sababu alipona, na kwa sababu karatasi moja ya Kiswahili ingetosha kumzuia asifike kwetu katika hali ile.

Karatasi hiyo ingesema nini? Kwa capecitabine, mambo yanajulikana na yanaelezeka. Inamezwa mara mbili kwa siku, takriban saa 12 kati ya dozi na dozi, ndani ya nusu saa baada ya kula, kwa maji. Inamezwa siku 14, kisha mwili unapumzika siku 7. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Ukitapika baada ya kumeza, usirudie, subiri zamu inayofuata. Ukianza kuharisha mara nne au zaidi kuliko ilivyo kawaida yako kwa siku, au ukiamka usiku kuharisha, acha kumeza na utafute msaada leo. Ukitapika zaidi ya mara moja kwa siku, vidonda vya mdomoni vikikuzuia kula, viganja na nyayo zikiwa nyekundu, zikivimba na kuuma, fanya hivyohivyo. Maumivu ya kifua ni dharura. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura.

Sababu nayo inaelezeka kwa mtu yeyote. Mwili huigeuza capecitabine kuwa fluorouracil, dawa ileile tuliyozoea kuitundika kwenye dripu kutibu saratani ya matiti na ya utumbo mpana. Inashambulia seli zinazogawanyika haraka. Utando wa ndani wa utumbo nao hujijenga upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo unapigwa pamoja na saratani. Kuharisha kwa namna hiyo ni taarifa kwamba utando umechubuka, na kila kidonge kinachoongezwa kinauchubua zaidi. Nimewaeleza hivyo wazee wasiojua kusoma, wakanielewa mara moja.

Msidhani basi kwamba tunaweza kubandika tangazo moja ukutani, "ukiumwa acha dawa", tukawa tumemaliza. Mtoto mwenye saratani ya damu aliyeko kwenye kipindi cha matengenezo, yaani cha kuzuia ugonjwa usirudi, anameza mercaptopurine kila siku kwa miezi mingi, na kwake kuruka dozi mara kwa mara kunaongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Mgonjwa wa imatinib akiacha kwa sababu uso umevimba kidogo asubuhi, anaipa saratani yake nafasi. Kila dawa ina sheria zake. Ndiyo maana ninaomba karatasi kwa kila dawa, iandikwe na wataalamu wa saratani, ipitishwe na TMDA, na itoke pamoja na dawa kila inapotolewa. Kijitabu kilichomo ndani ya boksi kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo kiasi kwamba hata mimi ninakisogeza dirishani.

Sasa suala la hesabu, ambalo linaniuma kuliko mengine kwa kuwa halihitaji hela. Mgonjwa aliyepangiwa vidonge vitatu vya capecitabine vya miligramu 500 asubuhi na vitatu jioni anahitaji vidonge 84 kwa siku zake 14. Boksi la kawaida lina vidonge 120. Akikabidhiwa boksi zima, anabaki na vidonge 36, yaani dozi ya siku sita kamili, katikati ya wiki ambayo mwili wake unatakiwa kupumzika. Ana vidonge mkononi, amelipia au bima imelipia, na kichwani ana somo la kumaliza dozi. Mnategemea afanye nini? Ninaliomba Baraza la Famasi lielekeze kwamba dawa hii itolewe kwa kuhesabiwa, mzunguko mmoja kwa wakati. Juu ya bahasha iandikwe kwa maneno tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na tarehe ya kupima damu kabla ya kuanza tena. Bima nazo zikubali kulipia kwa mzunguko, zisiwalazimishe wafamasia kutoa maboksi mazima ili hesabu za madai ziende sawa. Mgonjwa anayetoka mbali na kupewa mizunguko miwili, apewe bahasha mbili zilizofungwa, kila moja na tarehe zake.

Ule mtindo wa "3×2" nao tuuache kwa dawa hizi. Watumishi tunausoma bila shida: vidonge vitatu, mara mbili. Nyumbani nimekuta umesomwa kama vidonge viwili mara tatu. Idadi kwa siku inabaki sita, ndiyo, lakini nafasi kati ya dozi inavurugika, na mgonjwa anajikuta anameza mchana bila kula. Kwa methotrexate kosa la namna hiyo linaua. Wagonjwa wa baridi yabisi humeza methotrexate mara moja kwa wiki, na watoto wa saratani ya damu vilevile mara moja kwa wiki, huku mercaptopurine yao ikienda kila siku. Bahasha mbili, mtoto mmoja, bibi mmoja anayezigawa. Vidonge vingi vya methotrexate vya miligramu 2.5 ni vidogo na vya njano, na vile vya asidi ya foliki, ambayo huandikwa pamoja nayo, ni vidogo na vya njano pia. Mtu akimeza methotrexate kila siku, uboho wa mifupa unaacha kutengeneza damu, mdomo unajaa vidonda, na tunaweza kumpoteza. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa masharti mapya kuhusu kosa hilihili, yakiwemo ya mgonjwa kupewa kadi ya kumkumbusha kwamba dawa ni ya mara moja kwa wiki. Sisi tuanze na kitu rahisi: juu ya bahasha iandikwe jina la siku. "JUMATATU TU." Mfamasia na mgonjwa wakubaliane siku hiyo pale dirishani, na mgonjwa aitaje kwa mdomo wake kabla hajaondoka.

Nikija kwetu wilayani, sitaki ionekane kwamba lawama zote ninazipeleka mjini. Mgonjwa wa kemo mwenye homa akifika zahanati, anapimwa malaria. Kipimo kikiwa hasi, anapewa panadol na kuambiwa arudi kesho. Panadol inashusha homa, watu wanatulia, na bakteria wanaendelea na kazi ndani ya mtu ambaye seli zake nyeupe zimekwisha. Mgonjwa huyu anahitaji antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja tangu afike, na ceftriaxone na gentamicin ni dawa tulizonazo. Kinachokosekana ni mtu wa mapokezi kujua kwamba vidonge vilivyo kwenye mkoba ni kemo. Wengi wanaona kidonge wanaona kitu chepesi, kwa sababu kwa macho yetu kemo ni dripu na kunyonyoka nywele. Capecitabine mara nyingi hainyonyoi nywele. Mgonjwa anakaa kwenye benchi amejifunga kitenge, nywele zake kichwani, anasubiri zamu nyuma ya watoto wenye mafua.

Kwa hiyo ninaiomba Wizara iweke kadi, ya rangi moja nchi nzima, ambayo mgonjwa anaitoa kabla hata ya kusema jina lake. Iandikwe: ninatumia dawa ya saratani, jina lake hili, nilianza tarehe hii, nikiwa na homa nihudumiwe kwanza. Jambo hili si geni kwetu. Kliniki za CTC, zinazohudumia wanaoishi na VVU, zilipoanza, kila mgonjwa alipewa kadi yake, akaruhusiwa kuchagua mtu wa kumsaidia nyumbani, na muuguzi wa kituo cha mwisho kabisa barabarani alifundishwa madhara ya kila dawa. Kwenye kifua kikuu mgonjwa ana msimamizi wake wa kumeza dawa. Nchi iliyoweza kuyafanya hayo kwa mamia ya maelfu ya watu haiwezi kushindwa kuyafanya kwa wagonjwa wa saratani, ambao ni wachache zaidi.

Kadi hiyohiyo ingesaidia kwenye maduka ya dawa muhimu. Mgonjwa akionekana amepauka, muuzaji anampa FEFO, vidonge vya kuongeza damu, kwa nia njema kabisa. Ndani ya FEFO kuna asidi ya foliki, ambayo inaweza kuzidisha makali ya capecitabine. Mwenye kifafa anayetumia phenytoin, dawa hiyo inaweza kumpanda kwenye damu hadi akayumba akiwa kwenye capecitabine. Anayetumia warfarin anaweza kuvuja damu. Mgonjwa wa imatinib akianzishiwa dawa za kifua kikuu, rifampicin inaishusha imatinib mpaka haimsaidii. Mtoto wa mercaptopurine akipewa allopurinol bila dozi yake kupunguzwa sana, damu yake inaporomoka. Na mitishamba ipo, kila mtu anajua ipo. Ninaomba maswali ya mitishamba yaulizwe bila kumkaripia mgonjwa, kwa sababu akishakaripiwa mara moja hatataja tena anachochemsha.

Kuna jambo dogo ambalo sijaona likiandikwa kwa Kiswahili. Capecitabine, kwa kubandua ngozi ya vidole, inaweza kufuta alama za vidole. Mwaka 2009 madaktari waliandika kisa cha mgonjwa aliyeshikiliwa kwa saa kadhaa alipokuwa akiingia Marekani kwa sababu mashine haikuona alama zake. Kwetu laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu mwaka 2019, na huduma nyingine nazo zinadai kidole. Mgonjwa anayekataliwa na mashine anaonekana tapeli, na akipoteza laini yake anapoteza pia njia ya kutumiwa nauli na wanawe. Barua fupi ya daktari, inayotambuliwa na ofisi zote za serikali, ingemwondolea aibu hiyo.

Kuhusu usalama wa wengine nyumbani nitasema kwa kifupi, maana haya tunaweza kuyafundisha sisi wauguzi mkitupa nafasi na glovu. Vidonge visivunjwe wala kusagwa. Anayeshindwa kumeza arudi kuuliza. Mjamzito na mtoto wasivishike. Anayemsaidia mgonjwa kumeza avae glovu au avimimine kwenye kifuniko bila kuvigusa, kisha anawe mikono. Kwa saa 48 baada ya dozi ya mwisho, matapishi, mkojo na kinyesi bado vina dawa, kwa hiyo shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake kwa glovu, na choo cha shimo kifunikwe kila baada ya kutumika. Vidonge vilivyobaki visitupwe chooni wala jalalani ambako kuku na watoto wanapekua. Vinarudishwa wapi? Hospitali ya wilaya ipewe ruhusa na utaratibu wa kuvipokea. Leo mtu akituletea, tunatazamana.

Ombi lenye uzito kuliko yote ni simu. Namba 199 ya Wizara, ambayo wengi tuliizoea wakati wa UVIKO-19, ni ya bure na iko tayari. Wekeni humo muuguzi au mfamasia wa saratani kwa saa 24, ambaye mgonjwa wa Makete anaweza kumpata saa nane usiku na kuambiwa "acha kumeza, nenda hospitali sasa", na ambaye mimi pia naweza kumpigia nikiwa zamu peke yangu. Zaidi ya hapo, simu iende upande wa pili. Wapo watu wachache ambao mwili wao hauna kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja fluorouracil. Kwao dozi ya kawaida ni sumu, na dalili huanza mapema kwenye mzunguko wa kwanza. Ulaya imependekeza wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza dawa tangu mwaka 2020. Mpaka tutakapoweza kuwapima wetu wote, hospitali inayoanzisha dawa impigie mgonjwa wake ndani ya wiki ya kwanza na imuulize maswali manne: unaharisha, unatapika, mdomo una vidonda, una homa? Ni mazungumzo ya dakika tano.

Uingereza ilitoa tahadhari kwa hospitali zake Januari 2008, ikasema wazi kwamba vidonge vya saratani viandikwe, vihakikiwe na kutolewa kwa viwango vilevile vya kemo ya sindano. Msingi huo ndio ninaouomba hapa. Mengine niliyoyaandika ni namna ya kuutekeleza mahali ambapo hospitali iko mbali na mtandao wa simu unakatika mvua ikinyesha.

Ninajua bajeti inapangwa kwa utaratibu wake, na kadi na namba ya simu vitachukua muda. Kuhesabu vidonge na kuandika tarehe kwenye bahasha hakuhitaji kusubiri mwaka wa fedha. Waraka mmoja wa Baraza la Famasi unatosha, na dirisha la dawa linaweza kuanza siku utakapofika. Ninaomba huo utangulie. Rasimu ya karatasi ya capecitabine nimeiandika kwa Kiswahili, nimeisoma pamoja na wagonjwa na ndugu zao na kurekebisha pale walipokwama, na nitaikabidhi kwa mtaalamu yeyote mtakayemteua aihakiki.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi, hospitali ya wilaya, Nyanda za Juu Kusini